Mama Hadubini Anatuachia Tangi Namba Saba

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi alasiri, Mama Hadubini atavua aproni yake ya mpira kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwatibu samaki wa kituo chetu cha maonyesho. Mimi msaidizi wake nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila mnisamehe nikiinuka kila baada ya mistari miwili kwenda kumchungulia mgonjwa wa tangi namba saba.

Alianza kazi hapa kama mfanya usafi. Aliajiriwa apanguse alama za pua ambazo watoto wa shule huziacha kwenye vioo vya matangi, na akiwa hapo kwenye vioo akaanza kuona mambo yaliyowapita waliosomea kazi: samaki anayekula lakini tumbo limebonyea, anayetafuna na kutema, anayejibanza kona wenzake wakizunguka. Mkuu wa wakati ule, kwa mzaha tu, akampa hadubini mbovu iliyokuwa stoo. Aliitengeneza kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Wiki moja baadaye alimwita mkuu aje aangalie minyoo. Mzaha uliishia hapo, jina likabaki.

Tangu siku hizo hakuna anayelisha samaki kabla choo chao hakijakaguliwa. Choo cha rangi ya chakula, endelea na kazi. Choo cheupe, kirefu, kinachoning'inia kama uzi, acha kila kitu ukamwite. Waheshimiwa fulani waliokuja kutazama samaki wakilishwa walishawahi kusubiri mlangoni dakika arobaini kwa sababu samaki mmoja alikuwa hajajisaidia.

Hapa inanibidi nikiri, maana nisipokiri mimi atakiri mlinzi wa getini. Mwaka wangu wa kwanza, Mama alikwenda siku nne kumuuguza dada yake, akaniachia tangi namba tatu na agizo moja: nisilishe kabla sijaona choo. Nikatii. Siku ya kwanza sikuona choo, sikulisha. Siku ya pili sikuona, sikulisha. Siku ya tatu matumbo yamebonyea, na choo hicho kikatoka, cheupe, uzi mtupu. Nikamimina dawa ya minyoo tangi zima. Aliporudi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mimi mwenyewe nisipokula siku tatu nitakwenda chooni kufanya nini, kisha akachukua kopo la chakula akawalisha. Samaki mwenye njaa hutoa ute mweupe, basi. Kwa mkuu hakunisema. Alinisema kwa watu wengine wote, na mpaka leo mlinzi huniuliza kama nimepata ruhusa ya kula chakula cha mchana.

Utaratibu wote tunaoufuata ni wake. Samaki anayeshukiwa hutengwa kwenye tangi lisilo na mchanga, ili choo kionekane. Makaa ya kusafishia maji hutolewa kwenye chujio, la sivyo yatainyonya dawa yote. Dawa kwanza huchanganywa kwenye chakula, kwa kuwa ugonjwa uko tumboni, na mgonjwa akigoma kula ndipo hutiwa majini. Vituo vingine humpigia simu, naye huwauliza kwanza kuhusu choo kabla hata ya salamu.

Sasa nije kwenye hilo tangi namba saba. Humo alikuwa akiishi, peke yake na bila mchanga, samaki bapa, mpana kama sahani, ambaye sote tunamwita Bwana Harusi kwa maringo yake. Mama amemlea miaka kumi na minne, tangu akiwa saizi ya kifungo cha shati. Wiki mbili zilizopita alianza kukonda, kisha choo kikawa cheupe, na huyu alikuwa akilishwa vizuri. Choo chake kilitazamwa kwa hadubini mara tatu, hakuna kilichoonekana. Jumatatu Mama akaamua tumtibu kwa kushuku, chakula chenye dawa kwa siku kumi. Siku ya kumi inaangukia Jumatano ijayo, wakati yeye hayupo. Nimehesabu na kuhesabu upya, haibadiliki.

Jana, Jumatano, Bwana Harusi aliitema ile dawa na kugeukia kioo cha nyuma. Nikamkimbilia Mama roho mkononi, nikamuuliza. Tutie dawa majini, na kwa udhaifu ule huenda ikammaliza? Au tungoje ale, na asipokula afe mbele ya macho yetu? Nilitegemea anijibu palepale kama kawaida yake. Alijifuta mikono polepole, akasema hajui.

Nikadhani ananitania. Akasema hajawahi kujua. Miaka yote hiyo, kila alipopima dawa ya samaki ambaye hadubini haikuonyesha ugonjwa wake, mikono yake ilitulia kwa sababu sisi tulikuwa tunamtazama. Akifika nyumbani lilikuwa halipatikani hata lepe la usingizi, mumewe akimpikia chai hadi kunakucha. Kisha akaniambia samaki sasa ni wangu, nipime mwenyewe, akaenda kufungasha vitu vyake kabatini. Nilimkasirikia kama saa nzima, na ninaandika hivyo nikijua atasoma.

Nilipima. Nimemhamishia Bwana Harusi kwenye tangi dogo la kutengea, nimetia dawa majini, nimezima taa ya juu yake. Leo Alhamisi asubuhi, taarifa hii ikienda kuchapwa, bado yu hai na bado hajala. Wenzangu wamekusanyika nyuma yangu wananiuliza kama atapona, nami nimewajibu tungoje, kwa sauti ya mtu anayejua. Mikono imetulia.

Mama Hadubini, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante kwa kila samaki uliyetuokolea, na kwa kutuficha ulivyokuwa ukiogopa. Tunakuombea afya, siku ndefu na mapumziko ya kweli. Nenda nyumbani ukalale, Mama. Zamu ya kukesha nimeipokea.