Picha, Picha, Picha: Kumbukumbu ya Mama Subiri

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yako iko jikoni, ongeza sauti kidogo. Kama unafua, endelea kufua, ila usiondoke. Leo tunamkumbuka mkunga. Na kwa heshima zote za marehemu, leo sitakuwa na adabu sana.

Wengi mlimjua kwa jina la Mama Subiri. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja. Narudia, miaka thelathini na mmoja, wodi ileile. Kila mama aliyetaka kusukuma kabla ya wakati aliisikia sauti yake: "Subiri, mwanangu. Bado." Hata mimi nilipokelewa na mikono hiyo. Mama yangu anasema nilitanguliza miguu, na tangu siku hiyo nina haraka isiyo na maana.

Alipofika miaka hamsini na miwili, presha ya macho ikamnyang'anya kuona. Hospitali ikamkatia keki, ikamwambia akapumzike. Hakupumzika. Alikwenda kujifunza kutumia kompyuta inayosoma kwa sauti. Mwalimu wake alikuwa mpokea simu wa ofisi ya maji, mwanamume asiyeona tangu kuzaliwa, mcheshi, mwenye vidole vyepesi. Baada ya miezi minane wakaoana. Huyo mzee yupo, na anatusikiliza sasa hivi. Shikamoo, mzee wangu.

Basi Mama Subiri akaandika kitabu. Nasema akaandika, kwa vidole vyake kumi, kompyuta ikimrudishia kila neno sikioni. Kitabu cha wakunga, kurasa mia mbili na kumi. Kilimchukua miaka mitatu.

Mchapishaji akakipokea. Hapa ndipo adabu inaponiishia.

Mhariri alikifupisha bila kumuuliza. Mama Subiri akaomba jambo moja. Jambo moja tu, wasikilizaji. Alitaka kukisikiliza kitabu chake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kabla mkunga yeyote hajakitumia. Alimpigia simu mkurugenzi. "Nyumba nimejenga mimi," alimwambia. "Nataka kujua mmebomoa ukuta upi."

Mkurugenzi akamjibu, "Usijali, mama. Tunatoa na toleo la kielektroniki. Hilo ni kwa ajili yenu kabisa."

Kwa ajili yenu! Mtu akikuambia hivyo, shika mkoba wako vizuri.

Mtu atauliza, kwa nini asisomewe? Bintiye, fundi cherehani, alijaribu. Nilimkuta juzi kazini kwake, pini mdomoni, akaniambia: "Mimi nikifika pale pa aibu naruka. Mama anasema, 'Umeruka.' Nasema sijaruka. Anasema, 'Wewe mwenyewe ulipitia hapohapo, unamwonea nani haya?'" Marehemu alikuwa na msemo wake: anayekusomea anakuchagulia. Mashine haina haya. Ndiyo maana aliitaka mashine.

Siku ya uzinduzi ikafika. Ukumbi umejaa, maua ya plastiki mezani, maji ya chupa. Mshereheshaji alikuwa mimi. Ndiyo, mimi. Nilisema kwenye kipaza sauti, "Kitabu hiki sasa kinasomwa na wote, wanaoona na wasioona." Niliandikiwa kwenye karatasi nikasoma. Sikuuliza. Nyani haoni kundule, na nyani mmoja ndiye anayezungumza nanyi leo.

Mkurugenzi akapanda jukwaani, akamvika mama wa watu kilemba cha ukoka: shujaa, nuru, mfano wa kuigwa. Kisha akamkabidhi tableti yenye kitabu ndani. Apokee, wapige picha, ashuke. Huo ndio ulikuwa mpango.

Hakushuka. Alimwita mumewe, akamwashia sauti ya kusoma. Akaisogeza tableti kwenye kipaza sauti, akagusa ukurasa wa kwanza. Mashine ikasema, "Picha." Akagusa wa pili. "Picha."

Maana watu wale hawakuweka maneno. Walikipiga picha kitabu cha karatasi, ukurasa kwa ukurasa, wakazipanga picha hizo, wakaziita kitabu. Mwenye macho ataona maandishi. Mashine inaona picha tu, haina cha kusoma.

Watu wakacheka. Mama Subiri akaendelea. "Picha. Picha. Picha." Kufika ukurasa wa ishirini hakuna aliyekuwa anacheka. Mkurugenzi akamnong'oneza, kipaza sauti kikamnasa: "Mama, inatosha."

"Subiri, mwanangu," akamjibu. "Bado."

Alikwenda hadi ukurasa wa arobaini na moja. Kisha akashuka kwa nafasi yake.

Mnadhani waliona haya? Sikio la kufa halisikii dawa. Walimpiga danadana miezi kumi na minne. Mara fundi yuko likizo, mara faili limehamishwa. Na muda wote huo kitabu cha karatasi kinaendelea kugawiwa kwa wakunga. Hatimaye likaja toleo jipya, hili lina maneno kweli. Mumewe akalifungua wakiwa mezani, wanakunywa chai. Mashine ikasema: "Kusoma kwa sauti kumefungwa ili kulinda haki za mwandishi."

Narudia, maana hata mimi nilitaka nirudiwe. Kumefungwa. Ili kulinda haki za mwandishi. Na mwandishi ameketi pale pale, kikombe mkononi! Mumewe anasema mkewe alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akalia. Hakuwahi kumsikia akilia kabla ya siku hiyo.

Mtu akijenga nyumba akasahau mlango, tunamwita mzembe. Akiambiwa haina mlango, akachukua rangi akachora mlango ukutani, huyo tumwiteje? Nawaachia nyinyi. Mimi niko hewani, kuna maneno siruhusiwi.

Kisha figo zake zikaanza kushindwa, akalazwa. Pale wodini bintiye aliziacha haya zake mlangoni. Akamsomea kitabu chote kwa sauti, pa aibu na pasipo na aibu, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanamwambia arudie. Siku ya sita mama akainua mkono.

"Umeruka."

"Sijaruka, mama. Hapa haipo."

"Haipo?"

"Naapa, mama. Haipo."

Ukurasa wa kondo la nyuma ulikuwa umeondolewa. Ukurasa mzima. Mhariri aliona ni maneno mengi mno juu ya kusubiri.

Mama Subiri akamwambia bintiye aandike barua palepale. Ilikuwa na sentensi mbili. "Rudisheni ukurasa wangu. Mtu atakufa." Mumewe akaituma kwa mchapishaji. Siku kumi na moja, kimya. Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Mama Subiri akafariki, bintiye akiwa pembeni anashona pindo la gauni la mteja.

Jibu lilikuja siku ya mazishi, kwenye simu ya mumewe. Mzee aliniita pembeni, akaigusa ile simu ili nisikie. Simu ikasema, "Picha."

"Wamesema nini?" akaniuliza.

Nikatazama. Mshumaa, waridi, na maandishi ya rangi ya dhahabu: poleni kwa kuondokewa na mama aliyetufungua macho. Kuhusu ule ukurasa ulioondolewa, hakuna neno hata moja. Nikamwambia hivyo hivyo. Mzee akakipangusa kioo cha simu kwa shati lake.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," akasema. "Wewe una redio. Usome wewe."

Mzee alikuwa nao ukurasa huo kwenye kompyuta ya marehemu, kama ulivyoandikwa. Basi nausoma. Mkunga mwenye kitabu hicho, chukua kalamu. Siongezi wala siruki.

"Mtoto ametoka, kila mtu anashangilia. Wewe usishangilie, kazi haijaisha. Usivute kamba ya kitovu. Weka kiganja juu ya tumbo la mama, ongea naye, muulize mtoto ataitwa nani. Kondo likijiachia, mkono wako utajua kabla ya macho. Likikawia, usipigane nalo, ita daktari. Nimewapoteza wanawake wawili kwa sababu ya haraka za watu wengine. Subiri."

Mzee wetu, na wewe binti yake, poleni sana. Mungu ampumzishe. Mlikuwa naye mpaka mwisho, na ukurasa wake umesikika.

Nanyi wasikilizaji wenye macho, hasa nyinyi mnaotengeneza vitabu, nina ombi moja. Leo mkifika nyumbani, fungueni kitabu chenu cha kielektroniki. Kisha fumbeni macho, msubiri kiwasomee.