Kikohozi cha Ubeti wa Tatu

Kijiwe chetu kiko Bariadi, nyuma ya soko, ubavuni mwa banda la Injinia, fundi redio. Benchi ni moja, mbao yake ilitoka kwenye tela la kubebea pamba, na kila mtu ana sehemu ambayo makalio yake yameizoea. Kilo anakaa mwisho kabisa. Zamani alikuwa mpimaji pamba. Alistaafu, lakini kupima hajaacha, siku hizi anapima maneno ya watu. Katikati anakaa mzee Mayala, ambaye tunamwita Krismasi kwa sababu mbegu za pamba hazijaingia ardhini, yeye keshaanza kuulizia santuri. Injinia hana nafasi kwenye benchi, anachungulia dirishani kwake na bisibisi mkononi. Mimi naitwa Spika, kwa kazi ya kutuliza kelele, ingawa wenye wivu wanasema kelele ndiyo mimi. Kahawa ni ya Debora, chungu kwelikweli, inachemka kwenye birika juu ya jiko la mkaa. Siku ninayoisimulia ilikuwa wiki ya Krismasi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, matope mpaka mlangoni, na ubishi ulikuwa uleule wa kila Desemba: katika santuri za Krismasi walizotuachia wazee, zile za miaka ya hamsini, ipi ndiyo mama lao?

KILO: Hapo hakuna ubishi. Ni ile ya matarumbeta, ya kanisani kwetu. Ukiiweka ile, hata ng'ombe zizini wanasimama.

INJINIA: Wanasimama kwa woga, mzee. Mimi nipe ile ya Mzungu mwenye sauti nzito, vinanda vingi, kengele zinalia kwa nyuma. Ile ni noma.

KILO: Ile anayoimba habari za theluji?

INJINIA: Hiyohiyo.

KILO: Theluji utaiona wapi Bariadi wewe? Krismasi ya kwetu ni matope na jembe la ng'ombe. Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa.

MIMI: Debora, weka alama ukutani. Leo Kilo kaipatia methali.

KILO: Na tena walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

MIMI: Na hiyo imeingiaje?

KILO: Imeingia kwa mlango, kama ulivyoingia wewe. Usinibane.

MAYALA: Mmemaliza? Yangu mnaijua.

Tuliijua. Kwa mgeni itabidi nieleze, na nieleze kwa adabu, maana hapa utani unaishia. Santuri ya Mayala ni ya kwaya ya misheni, iliyorekodiwa mwaka hamsini na nane. Mama yake, Kwandu, alikuwa kwenye kwaya hiyo. Alifariki Mayala akiwa mtoto wa kubebwa, na ndugu wa baba wakamlea huko Sola. Picha ya mama yake hakuna. Kanga yake hakuna. Hata kaburi lilishalimwa likawa shamba la mahindi. Shangazi alimwambia jambo moja tu, kwamba mama yako aliimba kwenye santuri ile, na alipomuuliza zaidi alimfukuza akachunge ng'ombe. Basi mtu mzima mwenye wajukuu, kitu pekee alicho nacho cha mama yake ni nyimbo za Krismasi. Ukubwani alizunguka Maswa nzima kutafuta waliokuwa kwaya, kila alikofika akaambiwa wamekwisha.

Sasa, ndani ya santuri hiyo kuna wimbo mmoja ambao, ukifika ubeti wa tatu, sauti ya mwanamke mmoja inapanda peke yake juu ya wengine wote. Inapanda mpaka unamwonea huruma. Mayala anasema huyo ndiye mama yake, na sisi tumekubali, maana nani atamkatalia? Lakini palepale sauti inapofika kileleni, mtu anakohoa. Mara moja tu, na anaharibu kila kitu. Mwaka jana jua liliipinda ile santuri mpaka sindano haipiti tena. Kwa bahati Injinia alikuwa keshaurekodi wimbo ule kwenye kompyuta yake, pamoja na kikohozi chake. Mwaka huu Mayala akamwomba kazi moja: nitolee huyo mkohozi, nimsikie mama yangu Krismasi moja bila mtu kumkalia juu.

INJINIA: Na leo imekamilika, wazee. Nimemng'oa. Hata mzizi haukubaki.

MAYALA: Haukubaki kabisa?

INJINIA: Utasikia mwenyewe. Ngoja niunganishe spika kubwa.

KILO: Lakini mimi nimewaza. Yule aliyekohoa alikuwa nani hasa?

MIMI: Padre. Nilishasema. Mapadre wa zamani walivuta kiko kupita kiasi.

INJINIA: Siyo padre. Ni Mzungu wa mashine ya kurekodi. Yeye ndiye aliyekuwa karibu na kipaza sauti, na vumbi la kwetu hakulizoea.

KILO: Nyie hampimi. Kikohozi kile kina uzito. Mwaka ule siasa zilikuwa moto, mikutano ya chama huku ilikuwa ya kujificha. Mtu aliambiwa, ukisikia wimbo umefika ubeti wa tatu, kohoa, wenzako nje wajue kwamba kikao ni usiku.

MIMI: Kikohozi cha uhuru?

KILO: Cha uhuru. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakohoa.

INJINIA: Acha fiksi, mzee.

KILO: Basi sikilizeni la pili. Santuri zilikuwa zinaibwa na kuchapwa tena kule ng'ambo. Mwenye mali akaweka mtu akohoe makusudi, ili ikiibwa aitambue, kama sisi tunavyochoma chapa kwenye paja la ndama.

Tulicheka, hata Debora alicheka na birika likatikisika mkononi mwake. Mayala hakucheka. Aliweka kikombe chini kwenye mbao, akatutazama mmoja mmoja, na nikajua kwamba tumemgusa pabaya.

MAYALA: Mnamtafutia sababu za nini? Alikuwa mshenzi tu. Mtu mwenye kifua kibovu anakaa nyumbani kwake, haji kukohoa juu ya Krismasi ya watu. Miaka yote hii namlaani. Nikisali nasamehe wote, wezi wa ng'ombe nasamehe, yeye nimeshindwa.

MIMI: Mzee Mayala, ni kikohozi tu.

MAYALA: Kwako ni kikohozi. Mimi mama yangu ananiita mara moja tu kwa mwaka, na huyo anamziba mdomo.

Injinia akabonyeza.

Spika kubwa ilikoroma kidogo, halafu kwaya ikaingia. Niseme ukweli, nilisahau matarumbeta na nikasahau theluji. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu ukaja na ile sauti ikaanza kupanda. Sote tukabana pumzi tukisubiri pale panapoharibika. Pakapita, safi, na sauti ikaendelea mpaka mwisho wake. Mayala alikuwa ameinama, machozi yanaangukia viatu vyake vya matope, na hakujishughulisha kuyafuta.

MAYALA: Asante, mwanangu. Nimemsikia.

INJINIA: Hiyo ni yako, nitakuwekea kwenye simu.

MAYALA: Na ile chafu?

INJINIA: Ipo bado kwenye kompyuta.

MAYALA: Ifute. Sitaki isikike tena duniani.

INJINIA: Nikifuta imekwenda, mzee. Nakala nyingine hakuna, na santuri ndiyo ile imepinda.

MAYALA: Nimesema ifute.

INJINIA: Sawa. Nimalize kahawa kwanza. Kwa sasa niwarudishie tena hii safi.

Akarudisha wimbo tangu mwanzo. Ndipo kwenye njia ya kutoka hospitali alipotokea dada mmoja, kamshika mkono bibi kizee aliyefungwa bandeji jicho moja, na lile jingine nalo halikuwa la kutegemewa. Walikuwa wanapita. Bibi alisimama ghafla katikati ya matope. Mjukuu akamvuta, bibi hakuvutika. Akaanza kuimba chinichini, sauti imechakaa, lakini maneno yote anayajua. Debora akampa kigoda chake.

KILO: Mwadila, mayu. Karibu, mama.

BIBI: Mwadila, baba. Huo wimbo mmeutoa wapi?

PRECIOUS: Samahanini wazee. Mimi Precious, huyu ni bibi yangu, bibi Kornelia, nimemtoa Lalago kumleta kwa daktari wa macho. Bibi, bajaji inasubiri.

BIBI KORNELIA: Isubiri. Nyamaza kwanza, ubeti wa tatu unakuja.

Ukaja. Bibi aliinua uso, na sauti ile ilipopanda mdomo wake nao ukapanda nayo, bila kutoa sauti. Halafu uso ukabadilika. Alionekana kama mtu aliyeingia nyumbani akakuta kiti kimoja hakipo.

BIBI KORNELIA: Mbona Kwandu hayumo?

Niliona bega la Mayala limeshtuka. Bibi hakuona kitu, kwa macho yale angeonaje. Mayala akamtazama tu, ikabidi Injinia aliulize yeye swali letu sote.

INJINIA: Bibi, Kwandu si ndiye huyo anayeimba juu?

BIBI KORNELIA: Hapana. Anayeimba juu ni mimi. Wala sijisifu, siku hizi siwezi hata kumwita kuku. Kwandu alikuwa rafiki yangu, na kabla ya ugonjwa alinizidi kuimba. Lakini mwaka ule kifua kilikuwa kimemwisha.

INJINIA: Kifua?

BIBI KORNELIA: TB. Kwao walificha, ilikuwa aibu. Padre akamwambia akae nje, asije akaharibu kazi ya Mzungu wa mashine. Sisi wasichana tukasema asipoingia na sisi hatuimbi. Basi akaruhusiwa kwa sharti asifungue mdomo. Alisimama nyuma yangu, kanishika gauni hapa kiunoni ili asianguke. Nyimbo zote alijizuia. Nilikuwa nausikia mkono wake unatetemeka. Ubeti wa tatu ukamshinda, akakohoa. Mara moja tu.

Kilo alivua kofia.

BIBI KORNELIA: Mzungu akataka turudie, ila mvua ilikuwa inakuja, na gari lake lingekwama. Ikabaki hivyo. Santuri ilipoletwa, Kwandu tulikuwa tumeshamzika. Mimi kila Krismasi nilikuwa naipenda hiyo kuliko zote, na nilikuwa nangoja hapo tu. Yangu ilivunjwa na watoto zamani. Leo nasikia, nasema Mungu ni mwema, halafu hayumo. Mmemweka wapi?

Injinia aliiacha kahawa yake dirishani na kurudi ndani. Nilisikia anahangaika na ile kompyuta, na nikaomba moyoni, mimi nisiye na mazoea ya kuomba katikati ya wiki. Wimbo ukaanza tena. Safari hii ulikuwa na mikwaruzo yake yote. Ubeti wa tatu, sauti ya Kornelia ikapanda, na juu yake kikohozi, kimoja, kifupi, cha mtu aliyekuwa anakizuia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Nimekisikia kikohozi kile tangu tulipoanza kukaa kwenye benchi hili, nimekicheka, nimekitungia hadithi. Sikuwahi kukisikiliza.

BIBI KORNELIA: Huyo. Huyo ndiye Kwandu. Asante, ng'wana wane, mwanangu.

Mayala alikuwa amefunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Nilitaka kumshika bega nikaogopa. Ningemwambia nini? Kwamba mshenzi yule ambaye yeye amemlaani maisha yake yote, akashindwa kumsamehe hata kanisani, alikuwa anapigania pumzi? Hayo alikuwa ameshayasikia. Wimbo ukaisha, na bibi akaendelea kuongea taratibu, akiwa ameelekeza uso wake kwetu sote bila kumlenga yeyote.

BIBI KORNELIA: Alikuwa na mtoto wa kiume, mdogo, hata kukaa bado. Kwandu hakuwa na nguvu ya kumbeba, kwa hiyo siku ile ya kuimba nilimbeba mimi mgongoni. Watu walisema atalia, ataharibu. Hakulia. Mama yake alipokohoa aliamka, akageuza kichwa kumtafuta, nikaisikia shingo yake inazunguka hapa mgongoni kwangu, halafu akalala tena. Baada ya msiba wakaja ndugu wa baba yake kutoka Sola, wakamchukua. Mimi nilikuwa msichana tu, ningesema nini? Nilikaa na mgongo mtupu, nikilia. Baadaye nikaolewa, maisha yakanipeleka mbali, sikupata habari zake tena. Nyie ni watu wa mjini, mnakutana na watu wengi. Yule mtoto alikua?

Kilo alitazama kofia yake. Methali hazikumjia, hata za kukosea. Injinia alisimama mlangoni, mikono inaning'inia. Mimi, ninayeitwa Spika, nilifungua mdomo na kuufunga, kwa sababu swali lile halikuwa langu kulijibu. Mayala aliteremka kutoka kwenye benchi, akapiga magoti matopeni mbele ya kile kigoda, karibu kabisa, mpaka pumzi yake ikawa inatikisa ukingo wa kanga ya bibi. Akajaribu kusema.

Precious alitutazama mmoja baada ya mwingine, hajui tumepatwa na nini.

PRECIOUS: Wazee, bibi ameuliza. Mjibuni basi.