Madawati Tisa Niliyoyapata Mtandaoni

Madawati tisa nimeyatoa wapi? Mwalimu Mkuu, nitakujibu, ila niache kwanza nisalimie watu, wasije wakasema nilipoacha shule darasa la nne niliacha na adabu hukohuko.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, kamati ya wazazi, mafundi wenzangu mlioujaza ukumbi harufu ya gundi, na ninyi ndugu zangu wa mtandaoni mnaonitazama kwenye simu ya dada yangu: hamjambo!

Basi. Wazazi walinunua plaiwudi thelathini, shule ikataka madawati themanini. Nikapima, nikapanga, nikafuta, nikapanga tena: sabini na moja. Mwalimu Mkuu akasema, "Fundi, kila dawati watoto wawili. Kumi na wanane watasubiri nyumbani muhula mzima." Mmoja wao binti wa dada yangu huyu, ambaye sare alikuwa anaivaa mpaka kitandani. Ungekuwa wewe ungemwambia nini?

Dada, kazi yake kupiga chapa, akaniambia, "Kaka, kuna jukwaa mtandaoni, watu wanasaidiana kuandika programu za hesabu za kupanga. Una vitu vichache, mahitaji mengi, kompyuta inakutafutia mpango." Nikapiga picha daftari langu, nikatuma. Akajibu mmoja anajiita Kikokotoo: "Kaka, hii ni programu au orodha ya sokoni?"

Wakanicheka, lakini hawakunifukuza. Wakaniambia niandike kila namna ninavyoweza kukata plaiwudi moja, kila namna niipe namba yake, kompyuta ndiyo itaamua namna ipi nikate mara ngapi. Dada akachapa, akabonyeza.

Jibu: namna ya tatu, kata mara hasi saba.

Hasi saba! Chini ya sifuri! Yaani nichukue plaiwudi saba zilizokwishakatwa, nizirudishe nzima! Mke wangu akasema, "Baba Watoto, ukiliweza hilo, anza na bakuli langu ulilovunja." Nikawaandikia kwa hasira. Kikokotoo akanijibu taratibu: "Fundi, wewe unajua kuwa ikishakatwa imekatwa. Kompyuta umeiambia?"

Sikuwa nimeiambia! Ndugu wageni waalikwa, nani humwambia mtu jambo kama hilo? Tukaongeza mstari: hakuna kukata chini ya sifuri. Mwingine akadakia, "Na iwe namba kamili, usije ukaambiwa kata mara mbili na robo." Dada akabonyeza. Themanini! Makombo yaliyobaki hayatoshi hata kigoda cha kuku!

Msiniamini mimi, geukeni mhesabu madawati, yako nyuma yenu. Na yule anayebembeza miguu dawati la mbele, kajaa kama waziri, ndiye mpwa wangu.

Kikokotoo, na wenzako wote, sura zenu sizijui, lakini watoto kumi na wanane wamekaa. Asanteni sana. Nanyi mliokaa humu mkanivumilia, asanteni.

Sasa tufanye biashara. Mwalimu Mkuu, ile kompyuta ofisini kwako iliyofunikwa kitambaa kama bibi harusi, nipe kila Jumamosi. Fundi cherehani, muuza maziwa, mpanga ratiba, yeyote ambaye vitu vyake havitoshi aje, tutaliuliza jukwaa pamoja. Malipo ni jambo moja tu: ukijibiwa, Jumamosi inayofuata unakuja kumsaidia mwingine. Anayekubali anyooshe mkono. Mheshimiwa, na wewe, nakuona!