Lami Ilipobanduka Katikati ya Ruaha

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Nawasalimu ninyi wa usharika wa Kihesa mliozoea kuniona nimekaa kimya benchi la nyuma, nanyi mtakaosoma maneno haya bila kunijua.

Kwanza nawataja waliokuwapo siku ile, maana ushuhuda huu si wangu peke yangu. Alikuwapo Sekela, kitinda mimba wetu, amelala juu ya mkeka, macho yamegeuka. Alikuwapo Tumaini, mdogo wangu anayenifuata. Alikuwapo baba mdogo Ambakisye, mdogo wake marehemu baba yetu. Alikuwapo Masunga, mfugaji aliyehamia kwetu Usangu na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Nami Atuganile, mkubwa wa nyumba, nilikuwapo, nimeshika kafi. Mbele yetu ulikuwa Mto Ruaha, umejaa mpaka kwenye mizizi ya miti.

Sasa nirudi nyuma kidogo ili mnielewe.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini, barabara ya lami ya kwenda Zambia ikiwa bado mpya. Baba alikuwa akivua kambale na kuvusha watu kwa mtumbwi mmoja mkongwe wa gogo zima, ambao aliununua ukiwa tayari umezeeka. Aliutunza kama watu wengine wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Kiangazi hakuuacha ukauke. Aliuzamisha kwenye kidimbwi, akauwekea mawe tumboni, akafunika kwa majani. Na mara kwa mara aliupaka mafuta ya kambale, ndani na nje, mpaka mti ukawa mweusi na kuteleza. Tulikuwa tukimcheka kwamba mtumbwi unapakwa mafuta kuliko sisi watoto.

Baba alikufa kwa homa ya mapafu, mvua zilipokatika tu. Katika ukoo wetu, chombo cha marehemu hakigusi maji mpaka matanga yaanuliwe. Jembe huwekwa darini, na mtumbwi hupinduliwa uani. Ndivyo ilivyofanyika. Kabla matanga hayajaanuliwa, mama naye akamfuata. Baba mdogo Ambakisye akasema msiba umeanza upya, mtumbwi usiguswe. Ukabaki pale uani, mgongo juani, kiangazi chote cha Usangu.

Nilimwomba tuufunike hata kwa nyasi. Akanitazama, akasema, "Unataka kumfunika nani tena? Tumeshafunika wawili."

Niliacha shule, nikawa mama wa wadogo zangu. Tulilima vibarua kwenye mashamba ya mpunga ya watu, tukala walichotupatia. Na ndugu zangu, sitawaficha: niliacha kuomba. Siku ya kumzika mama nilisema amina mara ya mwisho, nikafunga mdomo. Nilimwona Mungu kama mtu aliyepita nyumbani kwetu, akachukua alivyotaka, akaenda zake.

Matanga yalipoanuliwa tukaugeuza mtumbwi. Ulikuwa umepasuka kuanzia karibu na pua mpaka katikati, na kidole changu kilipita kwenye ufa. Nilijua namna baba alivyokuwa akiziba. Alitwanga magome mpaka yakawa nyuzi laini, akazishindilia kwenye ufa pamoja na nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta. Juu yake aliweka ukanda wa mpira wa baiskeli, kisha kipande cha bati, akapiga misumari midogo. Lakini nta haikuwapo, na warina asali walikuwa bado hawajaingia porini. Watoto walikuwa na njaa.

Ndipo baba mdogo akaja na debe la lami aliyoiokota Chimala, mabaki ya watengeneza barabara. Akasema, "Hii inabeba malori ya Zambia. Itashindwa kukubeba wewe na mifupa yako?"

Tulicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani tangu mama afariki. Tuliyeyusha lami juu ya mafiga, tukaimimina kwenye ufa, ikajaa vizuri na kung'aa. Nilianza kuvua kwenye maji ya pembeni, na hata tone halikuingia. Wadogo zangu wakala kambale.

Sikujua mambo mawili. Lami haishiki kwenye mti uliokunywa mafuta miaka yote ile. Na mti uliokauka, ukirudishwa majini, hunywa maji ukavimba, na ufa ukijifunga husukuma nje kilichomo. Ilikuwa inabanduka taratibu, nami nashukuru kwamba mtumbwi hauvuji!

Masika yakaja. Asubuhi moja Sekela aliamka na homa, na jua lilipopanda degedege likamkamata. Hospitali iko Chimala, ng'ambo ya mto. Tulimbeba mpaka ukingoni. Masunga alikuwa ametoka kutuletea maziwa, kama alivyofanya mara nyingi tangu tulipobaki peke yetu. Akatufuata na kibuyu chake mkononi.

Baba mdogo alitazama maji, akatazama mtumbwi. Akasema, "Kwa maji haya, hapana. Mimi nina watoto."

Masunga akaweka kibuyu chini. "Na mimi ninao," akasema, akaingia.

Tumaini akamuuliza kama anajua kuogelea. Akajibu, "Maji mimi nayajua ya kunywa tu, mimi na ng'ombe wangu." Akachukua kata ya kuchotea maji, akakaa karibu na miguu ya Sekela. Nikasukuma. Tumaini na baba mdogo wakabaki ukingoni.

Ndugu zangu, maji ya Ruaha yakijaa hayana kelele kubwa. Yanapita tu, na miti mizima ndani yake. Nilipiga kafi kwa nguvu zangu zote. Tulipofika katikati, gogo likatugonga ubavuni, mtumbwi ukajinyonga kidogo, na lami yote ikatoka. Ilitoka nzima, ukanda mmoja mweusi, ikaelea kando yetu. Niliitazama kwa macho yangu ikienda zake.

Maji yakapanda kupitia ufa. Masunga alichota, na maji hayakupungua. Akavua shuka lake, akalishindilia kwenye ufa, akalikanyaga kwa miguu yote miwili. Yakapungua kidogo, lakini mtumbwi ulikuwa umeshazama mno, maji yamebakiza kidogo tu kuingia kwa juu. Sekela alikuwa amelala majini, kichwa chake kwenye goti la Masunga.

Masunga akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Binti, tukiwa watatu hivi, mtumbwi utafika?"

Nikamwambia, "Hautafika, baba."

"Na mkiwa wawili?"

"Labda."

Akaninyooshea kidole kwenye shuka. "Weka mguu hapa. Usiutoe." Nikaweka. Akakiinua kichwa cha Sekela, akakilaza kwenye mguu wangu mwingine. Kisha akashuka majini kama mtu anayeshuka kutoka kwenye mkokoteni. Alishika nyuma ya mtumbwi kwa muda, kisha sikuona tena mikono yake.

Hapo ndipo mdomo wangu uliofungwa kaburini kwa mama ulipofunguka! Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilipiga kelele, "Yesu! Umechukua wa kutosha! Huyu hapana!" Nililia hivyo nikipiga kafi, mguu mmoja kwenye shuka, na maji yakapita juu ya ukingo wa mtumbwi. Nikatupa kafi, nikashika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, ingawa nilijua kwamba pale hapana chini. Baba mwenyewe hakuwahi kugusa chini mahali pale.

Upondo ukagonga mchanga.

Mto ulikuwa umebeba mchanga kutoka juu na kuulaza pale. Nikasukuma, upondo ukagonga tena. Mtumbwi ulizama tukiwa tumeshafika kwenye mchanga huo, maji yakiwa kifuani kwangu. Nikamwinua Sekela begani, nikatembea. Nilitembea katikati ya Ruaha, ndugu zangu, mpaka ng'ambo! Barabarani dereva wa lori alitupakia bila kuuliza neno. Sekela alifungua macho siku ya pili, akaomba uji.

Baada ya maji kupungua wavuvi walimkuta Masunga kwenye matete, na mtumbwi wetu si mbali naye. Hakuwa mtu wa kanisa. Wako watu wameniuliza, kwa hiyo Mungu alimwokoa nani na kumwacha nani? Ninachojua ni kwamba nililia, na chini ya upondo wangu pakawa na ardhi. Na ninajua kwamba, kabla sijalia, mtu alikuwa ameshatoa uhai wake.

Nilikwenda kwa Kabula, mke wake, nikapiga magoti mlangoni. Tumbo lake lilikuwa kubwa. Nililia mpaka sauti ikakauka. Akaniuliza, "Mtoto yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

"Basi acha kulia hapa. Usinifanye nikubembeleze wewe."

Niliutoa mtumbwi ule kwenye matete. Nilikwangua mabaki ya lami mpaka mti ukawa mweupe, nikangoja warina asali, nikauziba kwa nyuzi na nta, mpira na bati, kama baba. Nikampelekea Kabula, na watoto wake wanavukia huo. Hata baada ya kuolewa huku Kihesa, kila kiangazi nimekwenda Usangu kuuzamisha na kuupaka mafuta.

Namshukuru Mungu. Sekela ni msichana mkubwa, anaimba kwaya. Wewe uliyefunga mdomo kwa sababu ya msiba, nakusihi, ufungue. Mwambie Bwana hata kwa hasira. Alinisikia nikimgombeza, nawe atakusikia. Mtumaini!

Lakini Kabula hakuniomba mtumbwi. Aliniomba jambo moja tu: mtoto aliyekuwa tumboni akifikia umri wa kuelewa, nimweleze mimi mwenyewe jinsi baba yake alivyoshuka majini, maana mimi ndiye niliyeona. Mtoto huyo ni wa kiume, na amepewa jina la baba yake. Kabula amenitumia salamu kwamba sasa anauliza, na kwamba yeye amemjibu, "Subiri, yuko mtu atakuja."

Kiangazi hiki bado sijakwenda.