Santuri Ambayo Emmett Hakuicheza

Mheshimiwa Meneja wa Kituo, Bwana Prescott Hale. Bibi Winifred Kessel, tunayekuaga leo baada ya miaka kumi na tisa. Waheshimiwa wadhamini wetu wa kampuni ya sabuni. Wanamuziki wenzangu, na ninyi mlioanza kula keki kabla sijasimama: habari za mchana.

Mimi ni Orville Tate. Miaka yote hiyo, kwa sauti ninazotengeneza hapa redioni, nimekuwa mlango unaofungwa, farasi anayekimbia na mvua inayonyesha. Nimeombwa nimsifu Winifred, naye jana akanikataza. "Mimi nisifu kidogo tu, Orville," aliniambia. "Muda utakaobaki, msemee Emmett."

Basi nimsemee. Enzi zile kila Jumapili tulibana opereta nzima, mchezo wa nyimbo na maneno, ndani ya nusu saa, na kila mhusika alikuwa na watu wawili: mmoja wa kuimba, mmoja wa kusema. Rosalba Dietz aliimba, Winifred akasema, kwenye kipaza sauti kimoja, bega kwa bega. Msikilizaji wa Iowa alimwona binti mfalme mmoja. Sisi tulijua kwamba hawasalimiani.

Tulicheza mara mbili: mchana kwa watu wa mashariki, jioni kwa California, ambako jua huchelewa. Jumapili moja ya Februari, katikati ya mara hizo mbili, Rosalba alivuka barabara kwenda kunywa supu, akaangukia meza, akafa. Habari ilitufikia dakika nne kabla ya taa nyekundu ya kuingia hewani kuwaka. Kiongozi wa okestra akaamuru tuendelee. Nyimbo zake zipigwe kwa ala tupu.

Tukapiga. Studioni hakuna aliyesikia mtu akiimba. Lakini Emmett Rusk, fundi wetu, akiwa nyuma ya kioo, aliuona mshale wa mita ya sauti ya kile kipaza sauti ukipanda na kushuka, na Winifred kafumba mdomo. Wiki iliyofuata zikaja barua mia mbili kutoka California, zote za kumsifu Rosalba kwa alivyoimba jioni ile.

Kituo kilikuwa kimepiga marufuku santuri hewani, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba Emmett alicheza santuri. Akafukuzwa. Kwani fomu ya kufukuzia ilikuwa na nafasi ya sababu nyingine?

Ndugu zangu, jioni ile Winifred alikatizwa na kilio, akanyamaza sekunde sita, okestra ikamngoja. Mama mmoja wa Sacramento aliandika: "Nilipenda pale binti alipoishiwa maneno, kisha akaanza kuimba taratibu, kama anayembembeleza mtu." Ni santuri gani inayojua kungoja? Ni ipi inayobembeleza?

Barua hiyo Winifred aliificha. Aliogopa kwamba akisema alichokihisi, pumzi baridi ikivutwa kando ya shingo yake pale pale Rosalba alipozoea kuivuta, atamfuata Emmett nje. Leo kazi imekwisha, na woga umekwenda nayo.

Bwana Hale, Winifred hataki saa ya dhahabu. Anataka uandike kwenye fomu ile kwamba Emmett Rusk hakucheza santuri. Mahali pa sababu paache patupu, tutapazoea. Emmett yuko pale mlangoni, kofia mkononi, na amesema haketi mpaka asikie jibu.

Nawashukuruni kwa kuniazima masikio yenu. Sasa yageuzieni kwa Bwana Hale.