"Very" Saba za Divine

Taksi yetu, basi dogo la abiria, ilipotoka Kabingo kambini, mama mmoja Mkongomani alimpa daftari mtu wa pembeni yake. Hawakuwa wakijuana, aliona tu vumbi la chaki kwenye mkono wa koti. "Mwalimu, nisahihishie hii barua kabla baichape Mbarara."

Mwalimu, Mrundi wa Rubondo kambini humohumo, akachomoa kalamu nyekundu. Wapo watu wanaosafiri nayo. "Mama, 'very' ni neno dhaifu, na wewe umeziweka saba mbele ya 'sad'. Tuzifute, tuandike 'heartbroken'. Neno moja, lakini lina uzito."

"Usifute! Ni ya mtoto wangu, Divine. Alienda Kanada na shangazi yake, akiwa wa miaka sita. Kiswahili kimemutoka, ndiyo maana nimesoma Kingereza na huu uzee. Mwaka wa kwanza nilimwandikia 'very' moja. Kila mwaka naongeza moja. Anazihesabu."

"Kiingereza kizuri hakirudiirudii, mama."

"Kizuri kitanisaidia nini? Akikuta neno moja tu, atasema mama amepunguza."

Mwalimu akakifunika kikalamu chake, lakini daftari hakulirudisha. Alilishika hivyohivyo mpaka tukaanza kuona maghorofa ya Mbarara.

"Na wewe, mwalimu," mama akauliza, "watoto bako fasi gani?"

"Mbali," akasema. Neno moja, kama anavyofundisha. Konda akafungua mlango, abiria wakaanza kushuka, yeye bado amekaa. "Mbali sana, mama. Sana, sana, sana."

Sikumsikia akijisahihisha.