Kikundi cha Nyuma ya Zahanati

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemezwa ukuta wa duka la rangi, na kila alasiri hukaliwa na wataalamu watatu na fundi mmoja. Wakili hakusoma sheria. Aliwahi kuwa shahidi, mara moja, na upande wake ukashindwa. Dokta anauza sumu ya panya. Injinia alibeba zege daraja la pale chini lilipojengwa, na mpaka leo huliita "daraja langu". Wa nne ni Fundi Saa, ambaye hutengeneza saa kweli. Wanakunywa kahawa chungu mpaka saa kumi, maana baa ya ng'ambo ya barabara haifunguliwi kabla ya hapo, na wao ni watu wenye msimamo.

Jumamosi hiyo Fundi Saa aliweka kikombe chini.

— Leo baa msinihesabu. Naenda kwenye kikundi.

— Cha kuzikana? Wakili akauliza.

— Cha kuacha pombe. Nyuma ya zahanati. Jumamosi iliyopita pia nilikwenda.

— Pole sana, Dokta akasema. Umerogwa na nani?

Fundi Saa hakutaka kueleza yote. Mwezi uliopita mama mmoja mjane alimletea saa ya marehemu mumewe, ibadilishwe kioo tu. Mkono ukatetemeka, kibano kikateleza, mshale wa dakika ukakatika. Yule mama hakugomba. Alikusanya vipande kwenye leso, akashukuru, akaenda zake. Jioni alipomsimulia mkewe, mkewe alimjibu kwa upole, upole ule wanaopewa wagonjwa walioruhusiwa kwenda kufia nyumbani. Hapo ndipo alipoogopa.

Wala hakuwaambia kuwa siku ile ya kwanza aliingia mlango siyo, akakaa nusu saa nzima akisikiliza somo la kunyonyesha kwa sababu aliona haya kuuliza. Nesi ndiye aliyemwinamia sikioni: "Baba, nadhani wenzako wako chumba cha pili."

— Sasa huko mnafanya nini? Injinia akauliza.

— Tunakaa duara. Mmoja anasema, wengine wanasikiliza.

— Bila kumkatiza?

— Bila kumkatiza.

— Basi hao si wazima.

Wakili akajikohoza, kama yuko kizimbani.

— Umesaini karatasi?

— Sijasaini kitu.

— Umesaini, ila hujajua. Ukikalia kiti chao mara mbili, kisheria umeridhia. Mara ya tatu nyumba yako inakuwa ya kikundi.

— Mimi nimepanga.

— Watamchukua hata mwenye nyumba.

— Hayo madogo, Dokta akadakia. Nazungumza kitaalamu. Damu ikishazoea kitu, ukiikatia ghafla inaganda. Panya wangu nimewaona.

— Panya wako wanakufa kwa sumu yako.

— Wanakufa kwa kubadilishiwa chakula. Dawa ya moto ni moto, bwana.

Injinia alikuwa akihesabu kwa vidole, na hesabu za Injinia si za kuziamini.

— Huko mnakunywa nini?

— Soda.

— Haya! Kiwanda cha soda hicho. Kinaanza kuwatoa kwenye bia, kisha kwenye kahawa, mwisho mabomba yanakatwa, mji mzima uoge soda. Mnadhani daraja langu lilijengwa kupitisha magari ya nani?

— Na wahenga walisema, Wakili akaongeza, mwacha asili ni mtumwa.

— Asili yangu ni pombe?

— Ulianza ukiwa na miaka mingapi?

— Kumi na tisa.

— Basi ni asili.

Fundi Saa akacheka, hakuweza kujizuia. Ugumu ulikuwa hapo hapo. Angekuwa anawachukia, kuondoka kungekuwa rahisi. Dokta huyu aliwahi kumbeba mgongoni mpaka mlangoni kwake, na wiki ya pili Dokta akabebwa yeye. Kwa dakika moja benchi lilikuwa tamu, na zahanati ikawa mbali sana.

— Kule kikundini niliwaambia sijanywa siku mbili, akasema taratibu. Nikangoja wacheke. Hakuna aliyecheka.

Dokta akazungusha kahawa kwenye kikombe.

— Sisi tungecheka, akakiri.

Ndipo akatokea mama wa makamo, viatu vya ofisini, mkoba umebanwa kwapani kama kuna mtu anayeuvuta. Alipita mbele yao, akarudi. Akatazama vikombe, akatazama zile nyuso nne.

— Habari zenu, kaka zangu. Samahani, kile kikundi cha kuacha pombe ndio hiki?

Wakili akaficha kikombe cha kahawa nyuma ya mgongo, kama ni ushahidi.

— Siyo hapa, dada, Fundi Saa akasema, na alipoongea alijikuta ameshasimama. Ni nyuma ya zahanati, chumba cha pili. Cha kwanza usiingie. Twende tu, na mimi naenda huko huko.

Yule mama akashusha pumzi aliyoibeba tangu nyumbani. Hatua chache mbele akageuka, akawatazama wale watatu bila ubaya wowote.

— Na hawa kaka zetu wanasubiri nini?

Dokta akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Wakili. Ng'ambo ya barabara mlango wa chuma wa baa ukaanza kuvingirishwa juu, kwa kelele waliyoipenda miaka yote, na hakuna aliyegeuza shingo.